Maziwa ya Mama Yafike Salama

Akina mama wengi wanauza Kariakoo, watoto wamebaki Mbagala. Mchana matiti yanajaa, maziwa yanamwagwa. Sisi tunauliza, ya nini kumwaga chakula cha mtoto?

Nawa mikono kwa sabuni. Kamua kwenye chombo kilichochemshwa, ufunike. Joto la Dar es Salaam si mchezo: bila barafu, maziwa yasipitishe masaa 4. Yazungushie barafu ndani ya deli, kama wauza maji wanavyofanya, yatafika jioni hata daladala ikichelewa. Mafuta yakielea juu, usiogope, tikisa polepole. Usiyachemshe. Mnyweshe mtoto kwa kikombe.

Uliyeajiriwa dukani, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa hadi masaa 2 kila siku ya kumnyonyesha mtoto. Mwambie tajiri wako. Mwenye genge lake hana wa kumdai. Yeye anunue barafu.