Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani aliyeyakataza?

Asubuhi moja nilikuwa kibandani na strungi yangu, nikamwomba mathe aniongeze maziwa kidogo. Kabla sijaketi, ile rangi nyeusi imeshaisha. Nikabadilisha nia.

"Mathe, kumbe nilitaka tu strungi."

Akanitazama. "Sasa kijana, hayo maziwa nitayatoa aje?"

Swali la maana, wasee. Kwa nini hayatoki?

Cha kushangaza ni kwamba hakuna sheria ya mwendo inayoyazuia. Rekodi video ya chembe mbili zikigongana, uicheze kinyumenyume: hakuna atakayegundua. Lakini cheza kinyumenyume video ya kikombe kizima, maziwa yakijitenga na chai, hata mtoto wa chekechea atacheka.

Aliyetegua kitendawili hiki ni Ludwig Boltzmann wa Austria, mwaka wa 1877. Jibu lake? Hesabu.

Chukua sarafu 10 za shilingi 10, zile mpya zenye simba. Zirushe. Zinaweza kuanguka kwa njia 1,024. Simba wote 10 wakiwa juu, ni njia moja pekee. Simba watano? Njia 252. Hakuna anayezisukuma sarafu zichanganyike; njia za kuchanganyika ndizo nyingi.

Sasa weka sarafu 100. Hata ungezirusha mara moja kila sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita, usingetarajia kuona simba wote 100. Na chembe zilizo kwenye kikombe kimoja cha chai ni nambari ya tarakimu 25! Maziwa hayajakatazwa kurudi. Ni vile tu hautakuwepo kuyaona.

Wingi huo wa njia ndio unaopimwa na entropia. Fomula yake, S = k log W, imechongwa kwenye kaburi la Boltzmann jijini Vienna. Hiyo W ndiyo idadi ya njia.

Nilipoacha chuo, methali ya maji kumwagika niliimbiwa hadi nikaiamini. Lakini walioniimbia waliruka sehemu moja. Sheria inasema entropia haipungui katika kitu kilichofungiwa peke yake, kisichoingiza wala kutoa chochote. Friji haijafungiwa hivyo. Ndani inapoza, nyuma ukigusa ni joto, na tokeni za stima zinaisha. Mpangilio unapatikana, lakini mahali fulani lazima kuwe na gharama.

Siku hizi nasoma usiku, nikitoka kazini. Ile miaka hairudi, najua. Usingizi ninaoupoteza ndio tokeni zangu.

Na ile chai? Niliinywa hivyo hivyo. Mathe hakunirudishia hata shilingi.