Mtungi wa Hewa Katika Kiwanja cha Peintiboli

Mtungi wa hewa unaofungwa nyuma ya bunduki ya peintiboli haupishani sana kwa ukubwa na chupa ya maji ya kunywa. Ule unaopendwa na wachezaji wa mashindano una ujazo wa lita 1.1 hivi. Ukijaa, shinikizo ndani yake hufika psi 4,500, takriban baa 310. Fundi wa matairi akijaza upepo tairi la gari dogo huishia psi 30 au 35. Mtungi huu unabeba zaidi ya mara mia ya hapo. Lita zaidi ya 300 za hewa ya kawaida zimebanwa humo, na nguvu yake ikiachiwa kwa mkupuo inatosha kuinua gari la tani moja mita kadhaa kutoka ardhini.

Pamoja na hayo, mitungi hii haipasuki ovyo. Imeundwa kuhimili shinikizo kubwa kuliko lile inalojazwa. Penye udhaifu ni kwenye maungio, kwenye kituo cha kujazia, na mikononi mwa mtu anayefungua asichokijua. Uwanjani mchezaji amevaa kinyago na mwamuzi anamtazama. Akishakivua na kwenda kujaza hewa, au kuketi nyumbani akasafisha bunduki yake, tahadhari hulegea wakati ambapo ingehitajika zaidi.

Mchezo wenyewe ulianza na gesi nyingine. Mwaka 1981, watu 12 walipocheza mchezo wa kwanza katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, walitumia bastola za Nelspot 007 zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Zilisukumwa na vikopo vya kabonidioksidi vya gramu 12, vinavyotumika mara moja na kutupwa. Baadaye ikaja mitungi ya gesi hiyo inayojazwa upya, kisha mitungi ya hewa iliyobanwa. Viwanja vingi leo hutumia hewa, lakini mitungi ya kabonidioksidi bado ipo, hasa kwa wanaocheza kwa kujifurahisha.

Gesi hizo mbili hazitendi sawa. Kabonidioksidi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na mvuke wake husukuma kwa psi 850 hivi kwenye joto la nyuzi 21, uwe mtungi umejaa au umebaki robo. Geji, kwa hiyo, haisaidii kujua kiasi kilichomo. Anayejaza hana budi kupima kwa mizani. Kanuni ya Marekani inataka uzito wa gesi usizidi asilimia 68 ya uzito wa maji ambayo mtungi ungebeba, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka. Ukijazwa kupita hapo kisha ukapata joto, kimiminika hutanuka mpaka kinakosa pa kwenda, na shinikizo hupanda kwa kasi. Kuanzia nyuzi 31 kimiminika chenyewe hakipo tena kama kimiminika. Gari lililoachwa juani Mombasa au Dar es Salaam, vioo vimefungwa, hupita joto hilo mapema sana.

Hewa ni tulivu zaidi. Shinikizo lake huongezeka kwa kadiri ya joto: mtungi wa baa 310 ukitoka nyuzi 20 kwenda nyuzi 60 hufika baa 350 hivi. Ni ongezeko la kuheshimiwa, ila mtungi mzima unalihimili.

Iwapo shinikizo litapita kiasi, kuna kisahani cha usalama. Hiki ni kipande chembamba cha metali kilichobanwa na skrubu yenye matundu pembeni, nacho hupasuka kabla mtungi haujafikia hatari. Mitungi ya aluminiamu ya psi 3,000 hufungwa kisahani cha psi 5,000. Ile ya psi 4,500 hufungwa cha psi 7,500. Upande wa regyuleta, yaani kipunguza shinikizo kilichofungwa shingoni mwa mtungi, unaotoa hewa kwenda kwenye bunduki una kisahani chake, cha psi 1,800. Kikipasuka, hewa hutoka kwa kishindo na mlio mkali, ikigawanyika kupitia yale matundu ili mtungi usirushwe upande mmoja. La kufanya ni kusogea mbali na kuuacha umalizike. Wapo wanaochoshwa na visahani kupasuka wakaweka viwili pamoja, au wakaweka cha kiwango cha juu kuliko kilichoandikwa. Mtu wa namna hiyo ameondoa kinga pekee iliyosimama kati yake na mtungi.

Kisahani nacho kina mpaka. Midomo ya kujazia ya mitungi ya psi 3,000 na ya 4,500 ni ya aina moja, na mpira wa kituo huingia kote. Mhudumu asiyesoma maandishi akausukumia mtungi wa 3,000 hewa mpaka 4,500, kisahani chake cha 5,000 hakitapasuka. Hakuna mlio, hakuna dalili, na mchezaji ataondoka akishukuru kwa kujaziwa vizuri. Mtungi umebebeshwa mara moja na nusu ya mzigo wake, na ukifanyiwa hivyo kila wikiendi unachoka pasipo mtu kujua. Ndiyo maana viwanja vilivyopangwa vizuri havimwachii kila mchezaji ajijazie mwenyewe.

Ajali zilizoamsha watu wengi zilihusu uzi wa skrubu tu. Mwaka 2004 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wawili kuuawa na mitungi ya kabonidioksidi. Mmoja alikuwa kijana aliyekuwa akitazama. Mwingine alikuwa mama wa mchezaji. Hakuna kati yao aliyepigwa na kidonge cha rangi. Mtungi huingia kwenye bunduki kwa kuzungushwa, na valvu nayo imeingizwa kwenye mtungi kwa kuzungushwa. Mchezaji anapoukamata mtungi na kuuzungusha ili autoe, anatarajia mtungi na valvu vizunguke pamoja. Valvu ikiwa imelegea, hubaki imeng'ang'ania bunduki huku mtungi ukijifungua kutoka kwenye valvu. Uzi wa mwisho ukiachia, mtungi huruka kama kombora.

Dawa yake ni rahisi ajabu. Huchorwa mstari mmoja wa rangi, hata wa rangi ya kucha, kuanzia kwenye valvu ukashuka hadi shingoni mwa mtungi. Maadamu mstari umenyooka, valvu haijasogea. Vipande viwili vya mstari vikipishana, hata kidogo, kuzungusha kunasimamishwa papo hapo na mtungi unapelekwa kwa fundi wa mitungi ukiwa vilevile. Kazi ya kufunga valvu ni yake, kwa gundi maalumu ya skrubu na kwa kipimo cha kukaza, wala si ya koleo la nyumbani. Mtungi wa hewa una hatari hiyohiyo pale regyuleta inapokutana na shingo: kitu chochote kilichofungwa kwenye shingo ya mtungi hakiguswi mpaka geji isome sifuri na hewa yote iwe imetoka.

Kwenye kituo cha kujazia, hewa hutoka kwa kompresa, hupita kwenye vichujio vinavyonasa maji na mafuta, kisha huhifadhiwa katika mitungi mikubwa. Maduka ya kuzamia ya Zanzibar na Diani yana mitambo ya ukoo huohuo, ingawa mitungi ya wazamiaji kwa kawaida huishia baa 200 au 232. Mhudumu hupangusa mdomo wa kujazia, huunganisha mpira, hufungua valvu polepole huku akitazama geji, hufunga, kisha hutoa hewa iliyobaki kwenye mpira kabla ya kuuchomoa. Hatua ya mwisho ndiyo husahaulika. Mpira uliochomolewa ukiwa na shinikizo hucharaza kama mjeledi.

Upole wa kufungua valvu una sababu mbili. Ya kwanza inajulikana: hewa inayobanwa haraka hupata moto, mtungi hujaa ukiwa na joto, na ukipoa geji hushuka mchezaji akadhani amepunjwa. Ya pili ndiyo ya hatari. Hewa ya baa 310 ina oksijeni iliyosongamana sana kuliko ya kawaida, na ikiingia kwa ghafla kwenye tundu dogo joto lake hupanda kiasi cha kuwasha mafuta. Injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa njia hiyo, bila plagi. Tone la mafuta ya bunduki au grisi iliyopakwa kwenye mdomo wa kujazia "ili uingie vizuri" linaweza kuwaka ndani ya regyuleta. Mdomo wa kujazia haupakwi kitu. Oksijeni tupu ya hospitali au ya karakana ya kuchomelea nayo haiingizwi kwenye mtungi huu kwa sababu yoyote.

Umri wa mtungi umeandikwa juu yake. Nchini Marekani mitungi ya aluminiamu yenye alama 3AL hupimwa upya kila miaka mitano, na mtungi ambao tarehe yake imepita hauruhusiwi kujazwa tena mpaka upimwe. Kipimo chenyewe hufanywa kwa maji, kwa kuwa maji karibu hayabaniki. Mtungi ukipasuka katikati ya jaribio utavuja badala ya kulipuka. Hujazwa maji, hutumbukizwa katika chombo kingine kilichojaa maji, kisha husukumwa hadi theluthi tano za shinikizo lake la kazi: wa psi 3,000 hupandishwa hadi 5,000. Mtungi hutanuka na kusukuma nje maji kidogo, nayo hupimwa. Shinikizo likiachiwa hutakiwa kurudi. Ukibaki na mtanuko unaozidi asilimia 10 ya ule wa jumla, umefeli. Ukifaulu, hugongwa mwezi, mwaka na namba ya kituo cha upimaji.

Mitungi ya psi 4,500 kwa kawaida ni gamba jembamba la aluminiamu lililozungushiwa nyuzi za kaboni na kugandishwa kwa gundi. Ni myepesi, ila nyuzi ndizo zinazobeba mzigo, na nyuzi zilizokatika haziungwi. Mkwaruzo wa juujuu si neno. Kovu ambalo ukucha unazama ndani yake ni la kupeleka kwa mpimaji. Vimumunyisho vya rangi huila gundi ile. Kuipaka mitungi rangi ya kuokwa ni kosa baya zaidi: aluminiamu ilipewa ugumu wake kwa joto lililopangwa kiwandani, na joto jingine huuondoa. Mtungi wa aluminiamu uliopita nyuzi 175 huhesabiwa umekufa, hata kama unang'aa.

Mitungi mingi ya nyuzi za kaboni ina kikomo cha miaka 15 tangu kutengenezwa, hata kama inafaulu vipimo vyote. Ikifika hapo, au ikifeli kabla, hewa yote hutolewa, kisha uzi wa shingo huharibiwa, ili asitokee mtu wa kuinunua mtumba na kuijaza tena.