Saa ya Mwamuzi: Kupima Muda katika Kandanda na Michezo Mingine, na Maneno Yake katika Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi muda unavyopimwa katika mpira wa miguu, kuulinganisha upimaji huo na ule wa michezo mingine, na kisha kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kuyataja mambo hayo. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba shughuli hii ni ya wanamichezo, wala haiwahusu wataalamu wa lugha. Lakini itadhihirika hapa chini kwamba neno moja, nalo ni “nyongeza”, limebebeshwa maana mbili ambazo sheria ya mchezo huzitenga kabisa. Mkanganyiko huo humgusa msikilizaji wa redio, humgusa mtunza kumbukumbu za mchezo, na siku hizi humgusa hata yule aliyeweka fedha yake katika kubashiri matokeo. Mifano ya mahali tumeitoa zaidi katika Morogoro na Milima ya Uluguru, kwa kuwa mkoa huo ni wa watu wa kandanda tangu zamani: timu zake zimepata kuutwaa ubingwa wa Tanzania, Mseto katika mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ya Turiani katika miaka ya 1999 na 2000.

1. Saa ya mchana na saa ya mchezo

Neno “saa” lina maana tatu zinazotuhusu. Ni sehemu moja katika 24 za usiku na mchana. Ni chombo kinachopima sehemu hizo. Tena ni wakati uliowekwa kwa jambo fulani, kama tunaposema kwamba saa imefika. Katika kandanda maana zote tatu hukutana, na kila moja ina mwenyewe.

Saa za mchana kwa Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Hesabu hiyo yafaa sana katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana kwa mwaka. Morogoro iko kama nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua lake huchwa baada ya saa kumi na mbili na robo jioni katika miezi yote. Basi tuufanyie hesabu mchezo unaoanza saa kumi jioni katika uwanja usio na taa. Dakika 45 za kipindi cha kwanza, dakika 15 za mapumziko, na dakika 45 za kipindi cha pili ni jumla ya dakika 105. Mchezo utakwisha kama saa kumi na mbili kasoro robo, na itabaki nusu saa ya mwanga. Ikiwa ni mchezo wa mtoano, na timu zimekwenda sare, zile dakika 30 zinazofuata huimaliza nusu saa hiyo yote, na mikwaju ya penalti hupigwa magharibi. Katika mabonde ya Uluguru akiba hiyo ni ndogo zaidi. Vilele vya Lupanga na Bondwa vinapita mita 2,000, na Kimhandu kinapita mita 2,600. Kijiji kilicho upande wa mashariki wa mgongo wa mlima hufikiwa na kivuli mapema, jua la kalenda likiwa bado halijachwa. Hapo saa kumi ya Morogoro mjini ni saa ya kuchelewa.

Saa hii ya mchana huwekwa na wenye kusimamia mashindano, nayo ina sheria yake. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa Simba na Yanga uliopangwa kuanza saa kumi na moja jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulisogezwa siku ile ile hadi saa moja usiku. Yanga walifika kwa saa ya kwanza, wakaondoka, wakidai kwamba kanuni ilitaka mabadiliko yatangazwe saa 24 kabla. Mchezo ukaahirishwa, watazamaji wakiwa wamekwisha kuingia uwanjani, nao ulichezwa tarehe 3 Julai 2021, Yanga wakashinda bao 1 kwa 0. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mwamuzi hakuwa na neno lolote katika shauri lile. Mamlaka yake juu ya wakati huanza filimbi inapolia, na kutoka hapo saa ya mchana humwachia nafasi saa nyingine, ambayo tutaiita saa ya mchezo.

2. Saa isiyosimama

Sheria ya 7 ya kandanda yasema kwamba mchezo una vipindi viwili vilivyo sawa vya dakika 45. Katika vipindi hivyo saa haisimami. Mpira ukitoka nje, saa yaenda. Mchezaji akilala chini, saa yaenda. Bao likifungwa na watu wakashangilia, saa ingali yaenda. Lakini sheria yenyewe yakiri kwamba muda mwingine hupotea bure, kwa hiyo humwamuru mwamuzi afidie muda uliopotea kwa kubadilisha wachezaji, kuwaangalia na kuwaondoa walioumia, kutoa kadi, kuchelewesha mchezo kwa makusudi, kushangilia mabao, kunywa maji au kupoza mwili pale kanuni za mashindano zinaporuhusu, na, katika miaka hii, kuangalia picha za video.

Fidia hiyo ina tabia tatu ambazo mara nyingi hazieleweki. Kwanza, kibao kinachoinuliwa na mwamuzi wa akiba huonyesha kiasi cha chini tu. Kikionyesha dakika 4, mwamuzi aweza kuongeza zifike 6, lakini hawezi kuzipunguza ziwe 3. Pili, kosa la hesabu la kipindi cha kwanza halisahihishwi kwa kurefusha au kufupisha kipindi cha pili; kila kipindi hujibeba chenyewe. Tatu, muda ukitimia mchezo hukoma hata kama mpira uko hewani, isipokuwa kama penalti imetolewa, ambayo haina budi kupigwa hadi imalizike.

Mfano mashuhuri wa tabia hiyo ya tatu ulitokea Mar del Plata, Argentina, tarehe 3 Juni 1978, Brazil ilipocheza na Sweden katika Kombe la Dunia. Mpira wa kona ulipigwa, na ulipokuwa hewani mwamuzi Clive Thomas wa Wales akapuliza filimbi ya mwisho. Zico aliutia wavuni kwa kichwa, lakini bao likakataliwa, na mchezo ukabaki 1 kwa 1. Hapakuwa na saa ukutani ambayo mtu angeweza kuielekezea kidole. Saa ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Hali kadhalika, tarehe 12 Januari 2022 huko Limbe, Cameroon, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mchezo wa Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akaurudisha, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia, Mali wakiwa mbele kwa bao 1 kwa 0. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilikuwa limemdhuru. Timu ziliitwa kurudi kumalizia muda uliobaki, Tunisia hawakurudi, na matokeo yakathibitishwa hivyo hivyo.

Kwa upande mwingine, katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar waamuzi waliagizwa kufidia muda kwa ukamilifu zaidi, na mchezo wa Uingereza na Iran ulipata fidia ya zaidi ya dakika 20 kwa vipindi vyote viwili. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkono wa kuipima.

3. Saa ya kipande

Ili kuuelewa upimaji wa michezo mingine, tuazime mfano katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Kilosa ya zamani za ukoloni. Mtu wa kipande alipewa kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku asiyofanya haikuhesabiwa, hata kama kalenda ilikuwa imepita. Mwenye mshahara wa mwezi, kinyume chake, alihesabiwa na kalenda. Kandanda huhesabu kwa mwezi, kisha humwachia msimamizi kukadiria siku zilizopotea. Mpira wa kikapu huhesabu kwa kipande: kila filimbi inapolia saa husimama, na huanza tena mpira unapoingia mchezoni. Katika sheria za kimataifa mchezo una robo nne za dakika 10, na dakika hizo 40 ni za kucheza tu, ingawa kwa saa ya mchana zaweza kupita saa moja na nusu.

Tofauti nyingine ni kwamba saa ya kikapu huonekana na wote, tena huhesabu kwenda chini hata sifuri, na king’ora ndicho kinachomaliza mchezo. Usahihi huo hauondoi ugomvi. Katika fainali ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, sekunde tatu za mwisho zilirudiwa mara mbili, na Urusi ya Kisovieti ikaishinda Marekani kwa 51 kwa 50; Wamarekani walikataa kuzipokea medali zao. Kwa hiyo saa inayosimama huhamisha ugomvi kutoka kwa mwamuzi hadi kwa meza ya watunza saa.

Raga imechukua njia ya katikati. Saa husimamishwa kwa amri ya mwamuzi, lakini dakika 80 zikitimia mchezo hauishi mpaka mpira ufe. Mkasa wa Zico haungeweza kutokea huko. Netiboli, ambayo shule zetu huicheza sana, ina robo nne za dakika 15, nayo ina watunza saa wake kando ya uwanja. Katika ngumi raundi ina dakika maalumu, na kengele hutawala.

Wapo waliotaka kandanda nayo iende kwa kipande. Katika mwaka 2017 bodi ya kimataifa ya sheria za mchezo ilileta kwa mjadala wazo la vipindi viwili vya dakika 30, saa ikisimama kila mpira unapotoka. Wazo hilo halikupitishwa. Hata hivyo, saa ndogo ndogo zimeanza kuingia: tangu Julai 2025 mlinda mlango hana ruhusa ya kuushika mpira zaidi ya sekunde 8, na mwamuzi huzihesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole vyake, hadharani.

4. Michezo isiyohitaji saa

Michezo mingine haimalizwi na saa kamwe. Mpira wa wavu na tenisi hukoma mtu anapofikisha pointi. Bao hukoma kete zinapomwishia mmoja, au asipoweza kucheza tena. Wazee wakitaka kucheza hata usiku, hakuna wa kuwazuia ila usingizi. Katika riadha saa haiweki mpaka wa mchezo, bali ndiyo hukumu yenyewe. Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, saa ndiyo iliyosema kwamba rekodi ya dunia imevunjwa. Na John Stephen Akhwari alipoingia uwanjani Mexico mwaka 1968, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi wa marathoni, hakuna filimbi iliyokuwa imemkatia mbio zake. Mbio zina umbali, wala hazina dakika ya mwisho.

5. Maneno

Sasa tugeukie lugha. Watangazaji wa redio wamekuwa wahunzi hodari wa msamiati huu. Neno “ngwe”, ambalo asili yake ni sehemu ya shamba iliyopimwa ili mtu ailime, wamelitia katika kandanda kwa maana ya kipindi: ngwe ya kwanza na ngwe ya pili. Neno hilo latufaa kwa sababu ngwe ni kazi yenye mpaka. Dakika za mwisho huitwa “lala salama”, na usemi huo hauna mpaka wa kisheria. Hutaja hali ya mchezo, wala si hesabu yake.

Shida iko katika maneno matatu: “dakika za majeruhi”, “dakika za nyongeza” na “muda wa nyongeza”. La kwanza ni finyu mno, kwa sababu majeruhi ni sababu moja tu kati ya nyingi zilizotajwa na sheria. La pili na la tatu hutumiwa na baadhi ya watangazaji kwa fidia inayofuata dakika ya 45 au ya 90, na wengine kwa vile vipindi viwili vya dakika 15 vinavyochezwa timu zikienda sare katika mtoano. Hayo ni mambo mawili tofauti. Fidia ni sehemu ya kipindi chenyewe, nayo huwamo katika kila mchezo. Vile vingine ni vipindi vipya, vyenye filimbi yake ya kuanza, na katika ligi havipo kabisa.

Matokeo yake yaonekana katika mfano mmoja. Mtangazaji akisema kwamba bao limefungwa “dakika ya 93, katika dakika za nyongeza”, msikilizaji wa Mgeta aliyefungua redio kwa kuchelewa hawezi kujua kama mchezo unakaribia kwisha au kama zimebaki dakika 27. Mtunza kumbukumbu naye hajui kama aandike 90+3 au 93, ingawa maandishi hayo mawili hutaja nyakati mbili zisizokutana. Na katika ubashiri, kwa kanuni ya kawaida, dau la matokeo ya mchezo huamuliwa kwa dakika 90 pamoja na fidia yake, bila vile vipindi vya baadaye. Hivyo bao lile lile laweza kumpa mtu fedha au kumnyima, na neno lililotumika halimwambii ni lipi.

6. Pendekezo

Twapendekeza kwamba muda unaofidiwa ndani ya kipindi uitwe “dakika za fidia”. Neno “fidia” limekwisha kukomaa katika Kiswahili cha sheria, tena huitaja sababu yenyewe: hulipwa kilichopotea, wala hakiongezwi kitu kipya. Vile vipindi viwili vya dakika 15 viitwe “vipindi vya ziada”, kwa kuwa kweli ni ziada juu ya mchezo uliokwisha. Neno “nyongeza” libaki katika mazungumzo ya kawaida, lakini lisitumike katika taarifa, kanuni na kamusi bila kuelezwa. Katika kuandika, alama ya kujumlisha iwekwe daima kwa dakika za fidia, na isiwekwe kamwe kwa vipindi vya ziada.

Kadhalika, kibao kinapoinuliwa, yafaa mtangazaji aseme “fidia isiyopungua dakika 4”, wala asiseme “zimebaki dakika 4”. Maneno hayo ya kwanza ndiyo yanayolingana na sheria, na yanamwarifu msikilizaji jambo ambalo mashabiki wengi hulalamikia kwa kutolijua: kwamba dakika ya tano haikuibwa na mtu, bali ilikuwa mkononi mwa mwamuzi tangu mwanzo.