Fedha na Unafiki wa Vyama katika Kura za Maoni

Kura za maoni ni uchaguzi wa ndani ambao chama cha siasa hutumia kumpata mwanachama atakayekiwakilisha katika uchaguzi mkuu. Nchini Tanzania uzito wake ni mkubwa kwa sababu mbili. Kwanza, Katiba inamtaka kila mgombea wa urais na ubunge awe amependekezwa na chama. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia, lakini sharti hilo bado lipo. Pili, yako majimbo mengi ambako ushindi wa chama kimoja hautiliwi shaka. Mwaka 2020 Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilichukua zaidi ya majimbo 250 kati ya 264. Katika majimbo ya namna hiyo, aliyeshinda ndani ya chama na jina lake likarudi kutoka vikao vya juu ni mbunge mtarajiwa, na fedha hukimbilia pale ambapo uamuzi unafanyika kweli.

Wingi wa wapiga kura ndio unaoamua kama kura zinanunulika. Pale wanaopiga kura ni wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, mtia nia hukabiliana na mamia ya watu, si makumi ya maelfu. Majina yao yanajulikana, nyumba zao zinajulikana, na wengi ni viongozi wa matawi na kata wanaofanya kazi ya chama bila mshahara. Wapambe huwapitia mmoja mmoja, aghalabu usiku, na fedha hutolewa kwa jina la nauli, posho au hela ya maji. Kwa kuwa kura ni ya siri, mjumbe anaweza kupokea kwa watia nia watatu na kumchagua wa nne. Ndiyo maana baada ya kura za maoni za CCM za Julai 2020, ambapo zaidi ya watu 10,000 walichukua fomu, walioanguka walieneza msemo kuwa wajumbe si watu. Kilio hicho kilikuwa na maana nyingine: baadhi ya waliolalamikia usaliti walikuwa wakilalamikia biashara iliyowaendea kombo.

CCM imewahi kujaribu njia tofauti. Mwaka 2010 iliwaruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni za ubunge, kwa hoja kwamba ni vigumu kuwahonga wengi, na utaratibu huo ukatumika tena 2015. Gharama za kuwafikia wapiga kura zikapanda, na malalamiko yakahamia kwenye kadi mpya za uanachama zilizogawiwa karibu na siku ya kura. Mwaka 2020 chama kikarudi kwa wajumbe wachache, na mwaka 2025 kikaongeza idadi yao, huku Kamati Kuu ikichuja majina kabla ya kura kupigwa.

Unafiki huonekana pale maneno ya chama yanapowekwa kando ya matendo yake. Ahadi za mwanachama wa CCM, zilizorithiwa kutoka chama kilichoitangulia, TANU, zinamfunga asitoe wala asipokee rushwa, na zinatamka kwamba cheo ni dhamana. Azimio la Arusha la 1967 lilikwenda mbali zaidi kwa kumkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa katika kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya vyama vingi kurejeshwa. Wenye mali wakaingia kwenye uongozi, ahadi ikabaki ileile.

Mwaka 2000 Bunge, ambalo CCM ilikuwa na wingi mkubwa ndani yake, lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili ukarimu wa kawaida au wa kimila kwa wapiga kura, uliofanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Kifungu hicho kilijulikana kama takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili walikipinga, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu kilimpendelea mgombea tajiri dhidi ya maskini. Kwa hiyo uchaguzi wa 2005 ulikuwa umefanyika wakati sheria ikiuvumilia mkono wenye sukari na khanga.

Upinzani nao haujasalimika. Mwaka 2024 Tundu Lissu, wakati huo makamu mwenyekiti wa Chadema upande wa Bara, alisema hadharani kwamba fedha zilikuwa zikimwagwa katika uchaguzi wa ndani wa chama chake. Wapo waliomlaumu kwa kuanika mambo ya nyumbani badala ya kutaka kujua fedha zilitoka wapi. Huo ndio mwenendo wa ushabiki wa chama kokote: bahasha ya mpinzani huitwa rushwa, ya mwenzetu huitwa msaada, na anayeuliza huitwa msaliti.

Sheria haikosekani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaipa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) mamlaka ya kuchunguza na kukamata. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata uteuzi ndani ya vyama: inakataza zawadi na vishawishi, na inataka mapato na matumizi yatangazwe chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa. Udhaifu upo kwa wasimamizi. Msajili na mkuu wa TAKUKURU huteuliwa na Rais, na kwa desturi Rais ndiye mwenyekiti wa CCM. Ndani ya chama, vikao vya juu vinaweza kukata jina la aliyeongoza kura. Kwa kuwa sababu mara nyingi hazitangazwi, mwanachama hawezi kujua kama aliyekatwa alihonga au alikosa mtu wa kumtetea juu. Vita dhidi ya rushwa hugeuka silaha ya makundi.

Kenya inaonyesha kwamba kufungua njia nyingine nje ya vyama hakutoshi. Katiba yake ya 2010 inaruhusu mgombea huru, na walioshindwa katika mchujo wa vyama huitumia nafasi hiyo. Lakini Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013 iliahirishwa, na viwango vya matumizi vilivyotangazwa na tume ya uchaguzi Agosti 2021 vikakataliwa na Bunge la Taifa. Waliotakiwa kubanwa ndio waliokuwa na kura ya kuamua.

Anayelipia hasara ni raia. Mbunge aliyeingia kwa deni hutafuta kwanza namna ya kulirudisha. Mwalimu, mkulima au kijana mwenye uwezo lakini asiye na fedha hubaki nje, na wanawake wanaowania viti maalumu hukutana na mchezo uleule, kwa kuwa nafasi hizo nazo huamuliwa na wajumbe wachache.

Marekebisho yanayohitajika yanajulikana: mgombea binafsi aruhusiwe, wapiga kura za maoni wawe wengi na daftari la wanachama lifungwe mapema, sababu za kukata jina zichapishwe, na wasimamizi wa sheria wasiteuliwe na kiongozi wa chama kinachoshindana. Chama kinachodai hayo kwa wapinzani wake na kuyakwepa katika vikao vyake hakijapinga rushwa. Kimechagua tu nani asiitoe.