Kubandua Jina la Bibi

Kwa miaka 14 mjomba wangu amewapikia watu wa Leicester pilau na biriani za harusi, na miaka 11 ya mwisho alizipeleka kwa gari moja, Ford Transit ya bluu. Pande zote mbili na kwenye milango ya nyuma paliandikwa jina la biashara kwa herufi nyeupe. Ni jina la mama yake, yaani bibi yangu, na chini yake namba ya simu. Februari hii magoti yalimshinda, akaamua kuliuza. Mteja akapatikana, fundi bomba. Akalizunguka, akaisikiliza injini, akasema bei ameikubali ila kwa sharti moja: alikute gari halina maandishi. Likiwa nayo atakata paundi 350. Mjomba hakubishana naye, kwani hata yeye alikuwa na wasiwasi wake. Huyo fundi akiendesha ovyo barabarani, simu ya malalamiko italia kwa nani?

Jioni akanipigia. "Mwanangu, si umefunga chuo wiki hii? Njoo na wembe."

Nawaandikia wenzangu wa chama habari hii kwa sababu ya huo wembe. Wengi wetu hapa tunanunua magari yaliyochoka, na baadhi yake yalikuwa ya kampuni. Siku moja na wewe utasimama mbele ya mlango wenye jina la mtu mwingine, na mkono utakwenda kwenye kitu chenye makali. Mimi niliikwangua herufi ya kwanza kwa nusu dakika tu. Ilitoka kipande, na chini yake ukabaki mstari mweupe wenye urefu wa kidole. Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari, lile lisilo na rangi linaloipa bodi mng'aro, ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Wembe haujui kutofautisha tabaka hilo na stika.

Maandishi hayo si rangi. Ni plastiki nyembamba ya vinaili, imekatwa kwa mashine na kupakwa gundi upande mmoja. Ziko za namna mbili. Moja humiminwa ikiwa uji, ikakauka kuwa utando laini. Hiyo ni ghali, hudumu miaka mingi, na ukiipasha moto hutoka vipande virefu. Nyingine hupitishwa kati ya rola na kubanwa. Ni nene zaidi, bei yake nafuu, na ndiyo mjomba aliyouziwa. Ndani yake mna mafuta yanayoilainisha, na kadiri jua linavyoipiga mafuta hayo huondoka. Plastiki hujikunja, hukauka, mwishowe hupasuka kama udongo wa mtoni wakati wa kiangazi. Upande wa gari uliokuwa ukielekea kusini kila siku ulikuwa mbaya mara mbili ya ule wa pili.

Kwa hiyo tulianza upya. Baridi ya siku ile ilikuwa kali, na vinaili ikipata baridi huvunjika kama biskuti, basi tukaazima gereji ya jirani. Tuliliosha gari kwa sabuni ili mchanga usije ukasuguliwa kwenye rangi, tukalikausha, kisha nikachukua mashine ya kukaushia nywele ya binti wa mjomba. Iko bunduki ya joto ya mafundi, nayo hufanya kazi haraka, lakini ukiituliza mahali pamoja inaweza kuivimbisha rangi, na mimi kwa siku moja nilikuwa nimeshaharibu vya kutosha. Unapasha herufi moja moja, ukipeleka mashine huku na huku, mpaka bodi iwe ya moto lakini kiganja bado kinaivumilia. Kisha unainua ncha kwa ukucha au kadi ya plastiki, unavuta polepole, ukiilaza herufi ijikunjie nyuma karibu na bodi. Ukivuta kwa haraka au kuelekea kifuani kwako, plastiki hutoka peke yake na gundi yote hubaki. Herufi ya pili ilinichukua dakika 20, ya kumi dakika 4. Kwenye vioo vya nyuma ndipo wembe uliporuhusiwa, kwa kuwa kioo ni kigumu, ila pale penye nyuzi za kuondolea ukungu niliuweka chini tena.

Nikiwa nimejikunyata pale nilikumbuka darasa la mwaka wa kwanza. Bandika, bandua. Funika, funua. Anika, anua. Mwalimu wetu alituambia kiambishi hicho hutengua tendo, hurudisha mambo yalivyokuwa kabla. Walimu wanisamehe, lakini kwenye gari la miaka 11 kubandua hakurudishi kitu chochote kilivyokuwa.

Kwanza, gundi. Mjomba aliigusa akasema, "Hii si gundi, huu ni ulimbo." Kweli, inzi angenasa. Maji ya moto na sabuni hayakuisumbua. Mjomba, kwa kuwa ni mpishi, akaleta mafuta ya kupikia, nami nikacheka, kisha nikanyamaza: ukiyapaka na kuyaacha robo saa, gundi hulegea na kusukumika kwa kidole. Ni kazi ya kuchosha tu. Kilichotuokoa ni dawa ya dukani iliyotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa. Unaipulizia, unasubiri, unafuta kwa kitambaa laini, unabadilisha kitambaa kabla hakijaanza kuirudisha gundi ulikoitoa. Jirani alishauri petroli. Tulikataa, kwa sababu mvuke wake ndani ya gereji iliyofungwa, pamoja na mashine ya umeme inayotoa joto, ni moto unaosubiri cheche. Tina nayo tuliiogopa kwa ajili ya rangi, hasa mlango mmoja uliowahi kupigwa rangi upya baada ya kugongwa, maana rangi ya namna hiyo hukubali kutoka pamoja na stika.

Saa kumi na moja tulimaliza, tukalitoa gari nje. Jina la bibi lilikuwa palepale.

Halikuwa jeupe tena. Lilikuwa la bluu, bluu iliyokoza, juu ya bluu iliyopauka. Miaka 11 jua limeichosha rangi yote isipokuwa ile iliyofichwa chini ya herufi. Nilipaka kompaundi ya kung'arishia, nikasugua kwa kitambaa, kisha kwa mashine. Kusugua maana yake ni kuondoa ngozi ya juu iliyopauka hadi ifikie ile nzima, na ngozi yenyewe, kama nilivyosema, ni unywele. Upande wa kulia jina lilififia mpaka ukawa unahitaji kulitafuta. Upande wa kushoto, ule wa jua, ukisimama mbele hulioni, ukisogea pembeni linarudi.

"Litatoka?" mjomba akauliza.

"Litapungua. Nikizidi kusugua tutafika kwenye bati."

Akakaa kwenye ndoo. Akasema kwao Mombasa asingejisumbua hivi, na kweli, nani kati yetu aliyekulia pwani hajapanda gari lililoshuka melini na maandishi ya Kijapani ubavuni? Utotoni kwetu Dar es Salaam palikuwa na kipanya kilichokuwa na mstari mzima wa maandishi hayo, na tajiri hakuyagusa. Abiria waliyachukua kuwa ushahidi kwamba gari limetoka Japani juzi tu. Mjomba angependa Transit yake nayo iende ikazeekee nyumbani, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Basi ni fundi bomba.

"Acha hapo," akasema, na sikujua kama alikuwa anaihurumia rangi au jina. Nilipaka nta pande zote, tukaenda kula.

Fundi alikuja Jumamosi. Nilimwonyesha kila kitu mwenyewe, pamoja na jina linaloonekana ukisogea pembeni, kwa sababu mvua ikinyesha angeliona tu. Alikata paundi 60 kwa ule mstari wa wembe. Kuhusu jina hakukata kitu. Alisema herufi zake zinakuja Jumatatu, ni kubwa zaidi, zitalifunika. Nikamwomba asiwaruhusu waliosugue tena ubavu wa kushoto kabla ya kubandika.