Mpira Umegusa Mstari: Ni Ndani au Ni Nje?



Vikundi vingi vya vijana na vya akina mama, kutoka Lodwar hadi Kakuma, vina mpira mmoja, wavu mmoja na kiwanja cha mchanga. Hiyo ni mali ya kutosha. Lakini hapo hapo mchangani ndipo ugomvi huanzia. Mpira unaanguka karibu na mstari, upande huu unapiga kelele "Ndani!", upande ule "Nje!", na mstari wenyewe hauonekani kwa sababu upepo na miguu vimeshaufuta. Ikiwa timu moja ni ya wenyeji na nyingine imetoka kambini, jambo dogo la mchezo hugeuka kuwa jambo la "sisi" na "ninyi". Kambi ya Kakuma ilianza mwaka wa 1992, na tangu hapo kuni, maji na malisho vimeshatuletea mivutano ya kutosha. Hakuna haja ya kuongeza mpira.

Basi tujifunze sheria za mistari. Si nyingi, na hata asiyejua kusoma anaweza kuzishika.

1. MSTARI NI WA NANI?

Kiwanja cha mpira wa wavu kina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Kila timu ina mraba wake, mita 9 kwa 9. Mstari una upana wa sentimita 5, karibu vidole vitatu.

Wengi hudhani mstari ni kama mpaka wa shamba, si wangu wala si wako. Sivyo. Vipimo hivyo hupimwa mpaka ukingo wa nje wa mstari, kwa hivyo mstari ni sehemu ya kiwanja. Mpira ukigusa mstari, hata kwa ubavu tu, ni ndani.

Hapa wachezaji wa kandanda hukosea. Katika kandanda, mpira haujatoka mpaka wote uvuke mstari, hata kama ni tumbo lake tu limebaki juu ya mstari. Katika mpira wa wavu tunaangalia mahali mpira ulipogusa chini. Ukiangukia nje, na tumbo lake limening'inia juu ya mstari bila kuugusa, ni nje.

Mchanga wetu unasaidia. Watu wanaojua kufuata nyayo za mbuzi hawawezi kushindwa na alama ya mpira! Nendeni mtazame. Lakini angalieni: mchanga uliorushwa na mpira ukafunika mstari si mpira. Lazima mpira wenyewe uguse.

2. MPIRA ULIO HEWANI HAUJATOKA

Mpira ukivuka mstari ukiwa hewani, bado uko hai. Mchezaji anaweza kukimbia nje ya kiwanja na kuurudisha kwa wenzake, mradi timu haijamaliza miguso yake mitatu. Unakuwa nje ukianguka chini kule, au ukigusa mti, mlingoti wa wavu au mtazamaji. Kwa hiyo acheni mita 3 wazi kila upande, na watazamaji wakae nyuma ya hapo.

3. NANI ALIGUSA MWISHO?

Mpira ukitoka nje, ulizeni kwanza aliyegusa mwisho. Ukipigwa kwa nguvu, ukagusa vidole vya aliyeruka kuzuia, halafu ukaanguka nje, kosa ni la timu ya aliyezuia. Pointi inakwenda kwa waliopiga.

4. MIGUU NA MISTARI

Kwa kuwa mstari ni kiwanja, anayepiga sevu asiukanyage mstari wa nyuma kabla ya kupiga. Akiukanyaga, ameshaingia kiwanjani na ni kosa. Akiruka kutoka nyuma, akapiga, kisha akatua ndani, si kosa.

Kuna pia mstari wa mita 3 kutoka katikati. Mchezaji wa safu ya nyuma akitaka kupiga smashi, mpira ukiwa wote juu ya wavu, lazima arukie nyuma ya mstari huo. Akiukanyaga wakati wa kuruka, ni kosa.

Mstari wa katikati, chini ya wavu, ndio peke yake ulio wa timu zote mbili sawasawa. Mguu unaweza kuuvuka kidogo, mradi sehemu yake ibaki juu ya mstari na usimsumbue mwenzako. Mguu mzima ukiingia ng'ambo, ni kosa.

5. KUWEKA MISTARI MCHANGANI

Mstari uliochorwa kwa fimbo haumalizi hata seti moja. Chukueni magunia makuukuu, mkate vipande vya upana wa vidole vitatu, mviunganishe, na mvifunge kwa vigingi vya mti vilivyozikwa chini kabisa ili visiumize miguu. Kama hamna magunia, tumieni jivu. Unga msitumie, huo ni chakula. Mawe pia hapana.

Ili kiwanja kisiende upande, pimeni kutoka pembe hadi pembe, kwa kukingama. Pande zote mbili zitoe mita 20 na sentimita 12. Zisipolingana, sogezeni vigingi.

6. NANI AAMUE?

Wekeni watu wawili wa mstari, mmoja kutoka kila upande, wakae kwenye pembe zinazokingamana. Wapeni vitambaa: kitambaa chini, mpira ni ndani, kitambaa juu, ni nje. Refa ndiye mwenye neno la mwisho, na ni kapteni tu anayeruhusiwa kumuuliza. Wengine wanyamaze. Kama refa na watu wa mstari hawakuona, rudieni mpira huo. Yote haya myakubali kabla ya sevu ya kwanza, si wakati watu wameshachemka.

Sheria hizi ndizo walizochezea Malkia Strikers, akina dada wetu wa Kenya, katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021 na ya Paris mwaka wa 2024. Kwao sakafu ni laini na mistari imepakwa rangi, lakini mstari ni ule ule wa vidole vitatu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Mchezo wetu wa mwisho ulivunjika kwa sababu gani? Sheria, au ni jambo lingine lililokuwa limefichwa nyuma ya mpira?
- Ni nani katika kikundi anaaminiwa na pande zote mbili kuwa mtu wa mstari? Je, tumewafikiria akina mama?
- Nani ataleta magunia, na lini tutapima kiwanja pamoja na wageni wetu?