Nani Anayesaidia? Mjadala wa Kusaidiwa Kufa Katika Sheria ya Afrika Kusini

Utangulizi

Tarehe 30 Aprili 2015, Mahakama Kuu ya Pretoria ilitoa amri ambayo haikuwa imewahi kutolewa nchini Afrika Kusini. Jaji Hans Fabricius aliamua kwamba wakili Robin Stransham-Ford, mwenye umri wa miaka 65 na aliyekuwa akiugua saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea mwilini, alikuwa na haki ya kusaidiwa na daktari kuyakatiza maisha yake, na kwamba daktari atakayekubali kumsaidia hangeshtakiwa. Jambo ambalo jaji hakulijua ni kwamba mlalamishi alikuwa amefariki yapata saa mbili kabla ya amri kutolewa. Alikufa kwa maradhi yake, pasi na kupewa dawa yoyote ya kumfisha.

Makala haya yanadhamiria kueleza mjadala wa kuhalalisha msaada wa kufa kwa wagonjwa wasiokuwa na matumaini ya kupona, kwa kuangazia sheria ya Afrika Kusini. Nchi hiyo imeteuliwa kwa sababu mahakama zake zimelijadili suala hili kwa undani, na pia kwa kuwa katiba yake inashabihiana kwa mengi na ile ya Kenya ya mwaka 2010. Aidha, yanatoa hoja kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko katika mjadala huu hutokana na kumsahau mhusika mmoja, yaani yule anayeombwa kusaidia.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia mahakamani, inafaa kulitazama jina lenyewe. Neno eutanasia lina asili ya Kigiriki na maana yake ya msingi ni kifo chema. Mwanafunzi wa tafsiri akilihamisha neno kwa neno, papo hapo atagongana na itikadi. Katika jamii za Waswahili, mwisho mwema ni jambo ambalo Mwislamu humwomba Mwenyezi Mungu. Si jambo la kuandikiwa na daktari kwenye cheti cha dawa. Wapo wanaosema kuua kwa huruma. Istilahi hii ina ila ya aina nyingine, kwani kitenzi kuua kimekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa, na huruma inayofuatia inabakia kama ombi la kupunguziwa adhabu. Kujiua kwa kusaidiwa nako kunamweka mgonjwa aliyebakisha siku chache katika kundi moja na kijana aliyekata tamaa ya maisha, ilhali hali zao ni mbali kama ardhi na mbingu.

Kusaidiwa kufa ndiyo istilahi inayoelekea kukubalika zaidi, nayo ndiyo inayotumiwa katika makala haya. Hata hivyo, haikosi kasoro. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani na kumlainisha midomo kwa pamba iliyoloweshwa maji anamsaidia katika kufa kwake, na hakuna sheria inayomkataza. Isitoshe, kiambishi cha kutendwa katika kusaidiwa kinamleta mgonjwa mbele na kumficha mtenda. Msomaji husikia aliyesaidiwa, aliyesaidia hatajwi. Kisarufi hilo si kosa. Kisheria ni upungufu mkubwa, kwa kuwa huyo asiyetajwa ndiye hasa ambaye sheria inamsaka.

Msaidizi Mbele ya Sheria

Nchini Afrika Kusini kujiua si kosa la jinai. Mnamo mwaka 1970, katika kesi ya Grotjohn, majaji wa rufaa waliulizwa swali hili: ikiwa kujiua si kosa, je, anayemsaidia mtu kujiua ana kosa gani? Kiini cha kesi kilikuwa ni mume aliyempa mkewe bunduki iliyojaa risasi na kumwambia ajipige akitaka. Majaji walieleza kuwa kitendo cha mwisho cha marehemu hakimwondolei msaidizi lawama moja kwa moja, na kwamba kulingana na mazingira anaweza kupatikana na hatia ya mauaji. Msingi huo haujang'olewa.

Ni kweli kwamba mwaka 1992 mahakama ya Durban ililegeza kamba kidogo. Daktari Clarke alikuwa amelala tangu mwaka 1988 akiwa amepoteza fahamu pasi na tumaini la kuzinduka, akilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Akiwa mzima aliandika kwamba hakutaka kubakishwa hai kwa njia kama hiyo. Mkewe aliiomba mahakama mamlaka ya kusimamisha ulishaji huo, naye Jaji Thirion akaamua kwamba kufanya hivyo hakungekuwa kosa. Kwa hiyo, tangu hapo sheria ya nchi hiyo inatofautisha kuacha kumzuia mtu asife na kumpa kitu cha kumfisha. Wanafalsafa wengi wameishambulia tofauti hii, wakidai kwamba natija ni moja. Wahudumu wa hospitali huielewa bila kufundishwa: aliyeondoa mpira na aliyedunga sindano hawarudi nyumbani na mzigo mmoja moyoni. Dini nazo huizingatia. Papa Pius wa 12 alieleza mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu hata kama itamfupishia maisha, mradi kifo chenyewe si lengo.

Hoja ya Heshima na Jibu la Rufaa

Stransham-Ford alitaka zaidi ya alichopata Clarke. Mawakili wake waliegemea vifungu vya katiba vinavyolinda heshima ya binadamu na mamlaka ya mtu juu ya mwili wake. Walitoa hoja kwamba uhai unaolindwa na katiba ni uhai wenye heshima, na kwamba kumlazimisha mtu avumilie siku za mwisho ambazo yeye mwenyewe anaziona kuwa za kudhalilisha ni kumnyang'anya heshima hiyo. Jaji Fabricius alikubali. Alisema kuwa katazo lililomo katika sheria ya kimila ya nchi hiyo kuhusu mauaji lilikuwa linabana haki za mlalamishi kupita kiasi, ingawa aliwekea amri yake mpaka: ilimhusu mtu huyo mmoja tu.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 6 Desemba 2016, Mahakama ya Juu ya Rufaa, yenye makao yake Bloemfontein, iliitangua amri hiyo. Sababu zake zilikuwa tatu. Kwanza, dai la mlalamishi lilikufa pamoja naye, hivyo hapakuwa na la kuamuliwa. Pili, sheria iliyopo, ya ndani na ya mataifa mengine, haikuwa imechunguzwa ipasavyo. Tatu, kesi iliharakishwa mno, ukweli haukuthibitishwa vya kutosha na wenye maslahi hawakupewa fursa ya kusikilizwa. Wapinzani wa kusaidiwa kufa waliushangilia uamuzi huu kana kwamba umelifunga suala. Haukulifunga. Majaji walisema kwamba mahali panapofaa zaidi kwa mabadiliko makubwa namna hiyo ni bungeni, lakini hawakusema kuwa dai kama hilo haliwezi kamwe kufaulu likiletwa na ushahidi kamili. Bunge lenyewe, kwa upande wake, lilikuwa limekalia mswada uliopendekezwa na tume ya marekebisho ya sheria tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katika kipindi kicho hicho sauti moja iliwashangaza wengi. Askofu Mkuu mstaafu Desmond Tutu, ambaye mwaka 2014 alikuwa ametangaza kuunga mkono haki hii kwa jumla, alisema siku alipotimiza miaka 85, tarehe 7 Oktoba 2016, kwamba yeye mwenyewe angependa awe na hiari ya kusaidiwa kufa. Kanisa lake halikuwa na msimamo huo. Tutu alifariki mwezi Desemba 2021 bila sheria kubadilika.

Mwaka 2019 msaidizi alijitokeza hadharani. Profesa Sean Davison, mzaliwa wa New Zealand na mwanzilishi wa shirika la DignitySA, alikiri katika mahakama ya Cape Town kuwaua watu watatu waliomwomba msaada. Tayari mwaka 2011 alikuwa ameadhibiwa nchini New Zealand kwa kumsaidia mama yake mzazi. Hukumu ya Cape Town ilikuwa miaka 3 ya kuzuiliwa nyumbani, badala ya gereza. Jina la kosa likawa mauaji, adhabu ikawa ya mtu ambaye mahakama haikumwona kuwa muuaji. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba si wote watatu waliokuwa na ugonjwa wa kuwaua karibuni. Msaidizi asiyewekewa mipaka na sheria hujiwekea yake, na hapo hofu ya wapinzani ina mashiko.

Katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 1997, mipaka hiyo imeandikwa. Madaktari wawili lazima wathibitishe kwamba mgonjwa amebakisha miezi 6 au pungufu, daktari anaandika dawa tu, na mgonjwa anainywa mwenyewe. Takriban thuluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hiyo huishia kutoitumia. Uholanzi, ambayo sheria yake ilianza kutekelezwa mwaka 2002, inamruhusu daktari kudunga sindano.

Aliyeomba Kuishi

Kuna kesi nyingine ambayo haitajwi sana katika mjadala huu, japo ingestahili. Mwaka 1997 Thiagraj Soobramoney, mgonjwa wa figo kutoka Durban aliyekuwa ameishiwa na fedha za kulipia matibabu ya kibinafsi, aliiomba Mahakama ya Katiba ilazimishe hospitali ya umma imsafishie damu kwa mashine. Hospitali ilikuwa na mashine chache na ilizitenga kwa wagonjwa ambao wangeweza kupandikizwa figo. Yeye hakuwa miongoni mwao. Mahakama hiyo, iliyokuwa imefuta adhabu ya kifo mwaka 1995 kwa jina la uhai na heshima, ilimwonea imani lakini ikakataa ombi lake, kwani rasilimali hazikutosha. Alifariki muda mfupi baadaye.

Kesi hizi mbili zikiwekwa sambamba, mmoja aliomba msaada wa kufa na mwingine msaada wa kuishi, na wote wawili walitaja katiba moja. Hoja ya hiari inachukulia kwamba mgonjwa amesimama kwenye njia panda na njia zote ziko wazi. Pasipokuwa na mashine, mofini wala muuguzi, njia ni moja, na kumwita anayeifuata kuwa amechagua ni kuitumia lugha visivyo. Dosari hii haitibiki kwa kuandika masharti mazuri katika sheria.

Hata hivyo, wanaodai kwamba tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa asiyeponyeka, ingemaliza haja yote ya kusaidiwa kufa, wanatia chumvi. Kumbukumbu za Oregon zinaonyesha kuwa wengi wanaoomba dawa hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo kuliko wanavyotaja maumivu. Lakini tiba hiyo inawezekana bila kungoja utajiri. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993 lilizoesha utengenezaji wa mofini ya kunywa kutokana na unga, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kisheria kuiandika. Nairobi Hospice ilitangulia, mwaka 1990.

Msaidizi Katika Sheria ya Kenya

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka katiba. Uamuzi huo ulimhusu anayetenda. Kifungu cha 225 kinamhusu anayesaidia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, hakikuguswa.

Mgonjwa wa Kenya atakayefuata nyayo za Stransham-Ford atakipata kifungu cha 28 cha Katiba kikimhakikishia heshima, na kifungu cha 43 kikimwahidi kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Atakikuta pia kifungu cha 26(3), ambacho hakina mwenzake katika katiba ya Afrika Kusini: mtu hataondolewa uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kadiri inayoruhusiwa na Katiba yenyewe au na sheria nyingine iliyoandikwa. Maneno hayo ya mwisho yanaliachia Bunge nafasi ambayo jaji wa Nairobi, hata akimwonea mlalamishi huruma kama alivyofanya Fabricius, angepata taabu kuichukua.